Siku Moja Lamu: Mwongozo Kamili wa Kuutembea Mji, Shela na Takwa kwa Kufuata Maji

Wanaokuja Lamu kwa siku moja wengi wao huandika orodha ya mahali pa kuona, kisha huipanga kwa saa: ngome saa tatu, makavazi saa tano, ufuo saa nane. Ratiba hiyo huvunjika pale nahodha anapowaambia mkondo wa kuendea Takwa, magofu ya kisiwa cha Manda, umekauka, au wanapoikuta njia ya kijiji cha Shela imefunikwa na bahari na hawana budi kuvua viatu. Hapa maji yakijaa hufungua njia moja na kufunga nyingine, na yakipwa mambo hugeuka. Ukijua hilo mapema, siku moja inakutosha kuona mji wa kale, magofu na ufuo bila kukimbizana. Usipojua, utaona kimoja na kusimuliwa viwili.

Kabla ya kufika

Mwongozo huu ni wa mtu aliyelala Lamu usiku uliotangulia. Kufika asubuhi na kuondoka jioni inawezekana, lakini sikushauri, kwa sababu saa bora za mji huu ni za alfajiri na magharibi.

Ukija kwa ndege utashukia kisiwa cha Manda, kisha utavuka mlango wa bahari kwa boti hadi gati ya Lamu. Ukija kwa basi kutoka Mombasa au Malindi utapitia Garsen na Witu hadi Mokowe, na kutoka hapo kuna boti za abiria. Barabarani kuna vizuizi vya polisi, kwa hiyo weka kitambulisho mahali pa kufikika, si chini ya begi.

Msimu una uzito wake. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, joto ni kali lakini bahari imetulia na maji ni maangavu. Kusi ikivuma, kuanzia kama Mei hadi Septemba, hewa inapoa na bahari ya nje inachafuka. Ndani ya mlango baina ya Lamu na Manda bado unasafiri vizuri. Masika ya Aprili na Mei ndiyo ningeyaepuka. Vichochoro huwa na matope yaliyochanganyika na mavi ya punda, na hakuna kiatu kinachopendeza baada ya hapo.

Angalia pia kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, mji hufurika wageni kutoka pwani yote na vyumba hukodishwa mapema. Ramadhani mchana mikahawa mingi hufungwa, ila usiku mji huchangamka kuliko wakati mwingine wowote. Na ikiwa siku yako ni Ijumaa, jua kwamba kuanzia saa sita maduka hufungwa kwa ajili ya sala; saa hizo ziweke kwa kupumzika au kuwa baharini.

Mzigo wa siku: kofia, maji ya kunywa, viatu vya kuvuliwa upesi, leso au kanga, nguo ya kuogelea ndani ya mfuko, na pesa taslimu za noti ndogondogo hata kama una M-Pesa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, basi beba kikapu au mfuko wa kitambaa.

Hatua ya kwanza: soma maji usiku uliotangulia

Huhitaji chati. Tazama mwezi. Ukiwa umeandama au ni mpevu, hilo ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kama saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na saa zimepinduka, yaani maji hujaa kama saa nne au saa tano asubuhi, na hupwa kama saa kumi au kumi na moja jioni.

Baina ya siku hizo unahesabu. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Siku nne baada ya mwezi mpevu umeongeza saa tatu na dakika 20, kwa hiyo kilichokuwa saa kumi alfajiri sasa ni saa moja na dakika 20 asubuhi. Ni hesabu ya kukadiria tu. Kabla ya kulala pita gatini umuulize mvuvi yeyote, "Maji kesho yajaa saa ngapi?" Atakujibu bila kufikiri, na pengine atakupangia siku nzima.

Ukishajua, una mipango miwili. Maji yakijaa jioni, asubuhi ni ya mji, kisha unatembea kwa miguu hadi Shela wakati ufuo u mkavu, halafu alasiri unachukua boti kwenda Takwa na kurudi na jua likizama. Maji yakijaa asubuhi, unapita mjini alfajiri kwa ufupi, unakwenda Takwa kama saa tatu au saa nne, unarudi mjini kwa chakula cha mchana na makavazi wakati jua ni kali, kisha jioni unaenda Shela kwa miguu maji yakiwa yamepwa. Mimi napenda mpango wa kwanza, kwa sababu safari ya baharini inaangukia saa nzuri, lakini hakuna anayemchagulia mwezi.

Hatua ya pili: alfajiri mjini

Lamu iko nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili. Mji unaelekea mashariki, upande wa Manda. Toka mara watu wanapotoka msikitini baada ya sala ya alfajiri, ukae mbele ya mji karibu na gati uone jua likitoka juu ya mikoko. Punda hushushwa ufukoni kubeba mchanga, mawe na saruji kutoka kwenye majahazi. Magari ya kuzungukia mji hakuna. Vichochoro havina nafasi. Ukisikia "simile!" nyuma yako, usigeuke kutazama kwanza. Banduka, ujibane ukutani, punda apite.

Chai ya asubuhi inywe mahali wanapokunywa wachukuzi na mabaharia, si hotelini. Mahamri na mbaazi za nazi ndicho chakula chenyewe, na ukibahatika utapata mkate wa mofa wa moto. Kula vya kutosha, kwa sababu chakula cha mchana huenda kikachelewa.

Salamu ni ufunguo. Huku mtu hapiti mbele ya baraza ya wazee akiwa kimya. "Salaam alaykum" au "Sabalkheri" inatosha, na wazee hupewa heshima yao kabla ya kuulizwa njia. Funika mabega na magoti, wanaume kwa wanawake, ukiwa mjini. Picha za watu, hasa akina mama waliovaa buibui, omba kwanza. Ukikataliwa, shukuru uendelee.

Hatua ya tatu: ngome, barabara kuu na nyumba

Anza Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Kando yake kuna soko la samaki na mboga. Pita kabla ya saa tatu, baada ya hapo ni nzi na vilivyobakia. Ngome yenyewe ilijengwa baina ya 1813 na 1821, kwa msaada wa Sayyid Said wa Omani, baada ya Waamu, yaani watu wa Lamu, kuwashinda watu wa kisiwa jirani cha Pate na Mazrui, watawala wa Mombasa, katika vita vya Shela. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa jela, na ndiyo maana wazee wengine wa mji bado hawana hamu ya kuingia ndani. Sasa iko chini ya Makavazi ya Taifa ya Kenya. Panda juu ya ukuta. Kutoka pale unaona paa za makuti na za mabati, na jinsi mji unavyoteremka hadi baharini. Huo mteremko ndio ramani yako. Ukipotea vichochoroni, fuata mtaro wa maji unakoteremkia, utatokea ufukoni.

Kutoka Mkunguni shika barabara kuu ya ndani, Usita wa Mui, uelekee kaskazini kwenye mtaa wa Mkomani. Hapa ndipo penye nyumba za mawe zilizoufanya mji uingizwe katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Usizipite mbio. Chagua nyumba moja ya zamani usimame mbele yake. Kwanza ni daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni wa kiume hupokewa bila kuingia ndani. Kisha mlango wa mbao uliochongwa. Ukiangalia juu, pengine utaona wikio, chumba kilichojengwa kuvuka kichochoro na kuunganisha nyumba mbili, ili wanawake wa jamaa moja watembeleane bila kushuka njiani.

Ya ndani utayaona katika Nyumba ya Kiswahili, nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na kuwa makavazi madogo. Kama una pesa za kiingilio kimoja tu, toa hapa. Vyumba ni virefu na vyembamba, na sababu yake ni mti: dari imeshikwa na boriti za mikoko, na boriti haziwezi kuvuka upana mkubwa bila kupinda. Kwa hiyo fundi alirefusha chumba badala ya kukipanua, akaweka msana, yaani ukumbi mrefu mwembamba, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja umeinuliwa kidogo kuliko ulioutangulia, hadi ndani kabisa. Ukutani kuna zidaka za chokaa, safu juu ya safu, zilizowekwa sahani na vyungu vya kaure kutoka ng'ambo. Kisha mwambie mlinzi akuonyeshe choo. Usicheke, birika la maji liliwekewa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mtu aliyejenga hivi zaidi ya karne mbili zilizopita alikuwa amelifikiria jambo la mbu kwa vitendo.

Makavazi makubwa yako mbele ya bahari. Humo kuna siwa mbili za fahari, ya pembe za ndovu kutoka Pate na ya shaba ya Lamu, zilizokuwa zikipulizwa kwenye sherehe za watu wakubwa. Tenga saa nzima. Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kuanzia Novemba 1888 hadi Machi 1891, ni ya dakika 15, labda uwe mpenzi wa stempu. Kituo cha kutibu punda kilichofunguliwa 1987 kiko ufukoni pia. Ukiwa na watoto wataking'ang'ania kuliko makavazi yote.

Upande wa kusini, Langoni, kuna Msikiti wa Riyadha, ambao jina lake haliachani na la Habib Swaleh, mwanachuoni aliyetokea Ngazija. Ndiyo roho ya Maulidi ya Lamu. Kama si Mwislamu, utazame kwa nje, na uulize kabla ya kusogea.

Ukitaka cha kununua, nunua kutoka mkononi mwa fundi: kofia iliyoshonwa, kazi ya fedha, au mbao iliyochongwa. Kofia nzuri ya kushona kwa mkono huchukua muda mrefu sana, kwa hiyo bei yake isikushangaze. Ile ya bei rahisi imeshonwa kwa mashine. Geuza ndani uangalie nyuzi.

Hatua ya nne: kupatana na kepteni

Hapa ndipo wageni wengi hulipa zaidi. Kijana atakufuata ufukoni akikupa safari ya boti, na mara nyingi yeye si mwenye boti, ni dalali. Hakuna ubaya, ana familia pia, lakini omba umwone kepteni na chombo chenyewe kabla ya kukubali. Patana haya kwa maneno yasiyo na ukungu: bei ni ya chombo kizima au ya kila kichwa, ni tanga au injini, mafuta yamo ndani, chakula kimo, atakusubiri au atakurudia, kiingilio cha Takwa ni juu ya nani. Hesabu majaketi ya kujiokolea kwa macho yako. Lipa sehemu tu, nyingine ukirudi. Kama umekaa hotelini, muulize mhudumu bei ya kawaida kabla hujatoka, maana bei hupanda na kushuka na msimu pamoja na mafuta.

Kwa Takwa mimi ningechukua injini kwenda na tanga kurudi. Ukienda kwa tanga upepo ukafa, maji yatakupwea ukiwa njiani.

Hatua ya tano: Takwa

Takwa ni mji uliokuwa na watu kuanzia karne ya 15 hadi ya 17, upande wa kusini wa Manda, kisha ukahamwa. Inasemekana visima viliingia chumvi, na kwamba wakazi walivuka wakaenda Shela. Kufika kwake boti hupita mkondo mwembamba baina ya mikoko, na mkondo huo hupitika maji yakiwa yamejaa. Panga uingie kama saa moja na nusu kabla maji hayajajaa kabisa, ili uwe na muda wa kutazama na kutoka kabla hayajarudi. Kepteni akikwambia "twendeni sasa", usiombe dakika kumi zaidi. Atakayelala mikokoni ni wewe na yeye.

Ndani tafuta msikiti mkuu, wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la nguzo lililo nje ya ukuta wa mji. Watu wa Shela bado huja kuzuru hapo na kuomba dua ya mvua, kwa hiyo usiketi juu ya kaburi wala kuliegemea kwa picha. Kuna mibuyu yenye kivuli kizuri. Maduka hakuna. Beba maji na uondoke na takataka zako.

Hatua ya sita: Shela

Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita tatu, dakika 40 za kutembea kando ya bahari. Maji yakiwa yamepwa, njia ni mkavu na ya raha. Yakijaa, hasa ya bamvua, sehemu nyingine za njia humezwa, na utatembea ndani ya maji ukishika ukuta, au urudi uchukue boti. Boti za Lamu na Shela zipo mchana kutwa. Lipa nauli kama wenyeji, kwa kungoja boti ijae, au kodi peke yako ukiwa na haraka.

Kijijini tazama Msikiti wa Ijumaa wa 1829 wenye mnara mweupe mnene unaochongoka juu. Ni tofauti na misikiti ya mjini ambayo mingi haina minara mirefu. Kisha shuka ufuoni. Kutoka kona ya kijiji ufuo unaendelea kama kilomita 12, na nyuma yake kuna vilima vya mchanga. Vilima hivyo huchuja mvua na kuhifadhi maji baridi chini, na visima vinavyonywesha mji viko hapo. Ndiyo maana wenyeji hukasirika watu wakitaka kujenga juu yake. Kwa mgeni maana yake ni ndogo: tembea kando ya bahari, usiteremke vilimani kwa michezo, wala usichimbe wala kuwasha moto.

Ni ufuo huohuo uliopiganiwa vita vya Shela, karibu na mwaka 1812. Majeshi ya Pate na Mombasa yalishuka hapa, yakapigwa, na yalipokimbilia vyombo vyao yalivikuta vimekwama mchangani kwa sababu maji yalikuwa yamepwa. Walikuwa watu wa pwani, na walijua maji vizuri kuliko wewe.

Kuogelea: kona iliyo karibu na kijiji iko mdomoni mwa mlango wa bahari, na maji yakianza kupwa mkondo huvuta kuelekea nje kwa nguvu. Ogelea pale maji yanapokuwa yanajaa au yamesimama, na usiende mbali. Ukisogea mbele kidogo kwenye ufuo mrefu kuna mawimbi, na hakuna mlinzi wa waogeleaji. Tena usiende mbali peke yako na simu ya bei mkononi; nusu ya pili ya ufuo haina mtu, na wezi wanajua hivyo pia. Wawili au watatu mnatosha.

Chakula cha mchana, kama siku yako imekufikisha Shela, kula huku ukijua bei ni za wageni. Samaki wa kupaka na wali wa nazi mjini vitakugharimu utulivu zaidi ya pesa: kelele zipo, lakini mpishi anapikia watu wanaojua ladha.

Hatua ya saba: jioni

Kwa kuwa mji unaelekea mashariki, jua halizami baharini mbele yako. Linazama nyuma ya nyumba. Mahali pa kulitazama ni ndani ya mashua katikati ya mlango, au upande wa Manda, kama saa kumi na mbili na robo, mji ukiwa kivuli na adhana zikianza moja baada ya nyingine. Ukiwa umerudi Takwa kwa tanga, saa hiyo inakukuta majini bila kutafuta.

Baada ya magharibi rudi Mkunguni. Viazi karai, mishkaki na kaimati huuzwa kando ya njia, na muuza kahawa hupita na dele lake la shaba. Kahawa ni chungu na ina tangawizi. Chukua tende au halwa pembeni. Keti barazani, utaulizwa unatoka wapi, na mazungumzo yatajiendesha. Pombe mjini haionekani hadharani, na mlevi wa barabarani huwa hadithi ya mji kesho yake.

Kabla ya kulala nunua tiketi ya basi katika ofisi zilizo mjini, maana mabasi ya kwenda Malindi na Mombasa huondoka Mokowe mapema sana, na boti ya kuvuka hukutoa gatini kabla ya alfajiri. Muulize karani tiketi yako inajumuisha boti au la. Kama maji yatakuwa yamepwa saa hiyo, ngazi ya gati huwa ndefu na yenye utelezi. Vaa viatu vyenye kushika, na mpe mchukuzi begi zito.